Jina hukatwa Dodoma, deni hulipwa Mwanza

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

UCHAGUZI Mkuu wa Oktoba 2010 ulikiacha Chama cha Mapinduzi (CCM) bila mbunge hata mmoja wa kuchaguliwa katika Jiji la Mwanza. Jimbo la Nyamagana, lililokuwa mikononi mwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, Lawrence Masha, lilichukuliwa na Ezekiel Wenje wa Chadema. Ilemela, kwa Anthony Diallo, aliyepata kuwa waziri na ambaye ni mwenye Star TV na Radio Free Africa, likaenda kwa Highness Kiwia wa chama hicho hicho.

Hayakuwa hayo tu. Ukerewe, Musoma Mjini, Biharamulo Magharibi na majimbo kadhaa ya upande wa Shinyanga ya wakati ule nayo yalikwenda upinzani.

Maelezo yaliyosikika sana wakati huo yalikuwa kwamba huo ni upepo wa Dk. Willibrod Slaa. Upepo ulikuwapo, hilo halina ubishi. Lakini upepo huohuo ulivuma Dodoma, Tanga na Mtwara na haukung'oa kitu kikubwa. Kanda ya Ziwa iling'oka kwa sababu nguzo zake zilikwishakuliwa kwa ndani na mchwa ambao chama chenyewe kimekuwa kikiwaita, kwa lugha ya staha, makundi.

Mfano wa wazi kuliko yote ni John Shibuda. Mwaka 2005 alikuwa mmoja wa makada 11 waliochukua fomu za kuwania urais kupitia CCM, na alikuwa mbunge wa Maswa. Mwaka 2010 mambo yalipomwendea kombo ndani ya chama, alihamia Chadema, akasimama Maswa Magharibi na kushinda. Wapiga kura walikuwa wale wale na mgombea alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni rangi ya bendera.

Ili kuelewa jambo hili ni lazima kuutazama mtambo wa uteuzi wa CCM jinsi unavyofanya kazi. Kwa nafasi ya urais, majina hupita kwenye Kamati ya Usalama na Maadili, yakaenda Kamati Kuu, ambayo huyapunguza hadi matano, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa (NEC), ambayo huyafanya matatu. Wajumbe wa Mkutano Mkuu, ambao ni maelfu, hukutana na majina hayo matatu tu. Kwa ubunge kuna kura za maoni, lakini anayeongoza kura hizo hana hakika ya kuteuliwa. Vikao vya juu vinaweza kumpa aliyeshika nafasi ya pili au ya tatu, na havilazimiki kueleza kwa nini.

Kwa hiyo ushindani halisi ndani ya chama tawala haumalizwi kwa kura. Humalizwa kwa kukata majina. Neno "kukatwa" limekuwa la kawaida kiasi kwamba hatulishangai tena, ingawa linaeleza jambo kubwa: mtu aliyeshindwa kwa kura anajua kashindwa na nani na kwa kura ngapi, ilhali aliyekatwa hubaki akitafuta mkono ulioshika kisu.

Watetezi wa utaratibu huu wana hoja, na ni haki isikilizwe. Mwaka 1995, katika ukumbi wa Chimwaga, Jakaya Kikwete aliongoza raundi ya kwanza mbele ya Benjamin Mkapa na Cleopa Msuya. Raundi ya pili Mkapa alipata kura 686 na Kikwete 639. Tofauti ya kura 47 ilitosha kukigawa chama, hasa ikikumbukwa kwamba Augustine Mrema alikwishatoka na kwenda NCCR-Mageuzi, ambako alizoa zaidi ya robo ya kura za urais mwaka huo. Chama kikajifunza kwamba mashindano ya wazi ni hatari, na kwamba heri mchujo ufanyike mapema na kwa siri.

Hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama mchujo wa siri ungezuia makundi. Haukuzuia. Uliyazaa. Aliyeshindwa mwaka 1995 alikuwa na miaka kumi ya kujipanga, na kundi lililompeleka Ikulu mwaka 2005, lile lililoitwa "mtandao", lilijengwa mahsusi kwa ajili ya kuvishinda vikao kabla havijaketi. Mei 4, 2005 Kikwete alipata kura 1,072 dhidi ya 476 za Dk. Salim Ahmed Salim na 122 za Profesa Mark Mwandosya. John Malecela alikwishaondolewa kabla ya hatua hiyo. Wakati wajumbe wanapiga kura, kazi ilikuwa imekwisha.

Miaka mitatu haikutimia kabla mtandao haujaanza kujitafuna. Februari 2008 Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu kutokana na ripoti ya kamati teule ya Bunge kuhusu zabuni ya umeme ya Richmond, kamati iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe wa CCM mbele ya Spika Samuel Sitta wa CCM. Mawaziri wawili waliondoka naye, na mmoja wao, Nazir Karamagi, alikuwa mbunge wa Bukoba Vijijini, huku huku ziwani. Mwaka 2011 ikaja kampeni ya "kujivua gamba". Gamba lililovuka lilikuwa moja, Rostam Aziz wa Igunga. Lowassa alibaki, na kundi lake likabaki naye.

Turudi Mwanza kidogo. Pamoja na Dar es Salaam, huu ndio uwanja ambao hesabu za urais hufanyiwa. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabia mkoa watu takriban milioni 3.7, wa pili nchini. Ukiongeza Geita, Simiyu, Shinyanga, Mara na Kagera, hakuna mwanasiasa mwenye akili timamu anayeweza kutafuta Ikulu huku akiipa kisogo kanda hii. Na si mambo ya jana. Serikali ya kikoloni ilikataa kuisajili TANU Usukumani tangu mwaka 1954 hadi 1958 kwa sababu iliwaogopa wakulima wa pamba waliokuwa wamejipanga katika vyama vya ushirika chini ya akina Paul Bomani.

Mwaka 2015 kanda hii ilimwaga watangaza nia kama isingekuja nafasi nyingine. Stephen Wasira wa Bunda alitangazia hapa Mwanza. William Ngeleja wa Sengerema alijitosa. Makongoro Nyerere wa Butiama, Luhaga Mpina wa Kisesa na Dk. John Magufuli wa Chato nao walichukua fomu, huyu wa mwisho bila mbwembwe wala mkutano. (Kisesa ya Mpina ni jimbo lililoko Meatu, msomaji asiichanganye na Kisesa yetu ya barabara ya Musoma.) Kwa jumla waliochukua fomu walifika 42.

Kilichotokea Dodoma Julai 2015 kinafahamika, lakini kinafaa kutazamwa tena kwa jicho la leo. Kamati Kuu ilimkata Lowassa. Wajumbe wake watatu, Dk. Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walitoka nje usiku na kuwaambia waandishi wa habari kwamba hawakubaliani na uamuzi huo. Kesho yake wajumbe wa NEC walimpokea mwenyekiti wao kwa wimbo wa kumtukuza mtu aliyekatwa. Katika majina matano yaliyobaki, wafuasi wa Lowassa hawakuwa na wao, na walichokitaka zaidi ni kuona Bernard Membe, mshindani mkubwa wa kiongozi wao, naye hapiti. Hakupita.

Waliobaki ni Dk. Magufuli, Balozi Amina Salum Ali na Dk. Asha-Rose Migiro. Mkutano Mkuu ukampa Magufuli kura 2,104, sawa na asilimia 87.

Hivyo ndivyo Kanda ya Ziwa ilivyopata rais wake wa kwanza tangu Mwalimu Nyerere. Hakuletwa na nguvu ya kanda. Aliletwa na fahali wawili walioumizana mpaka nyasi zikabaki kwa wa tatu. Baadhi ya wenzetu hapa Mwanza hawapendi kulisikia hilo, lakini kura za Dodoma ndizo zinazosema hivyo.

Matunda yake yanaonekana kwa macho. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu na gharama inayozidi shilingi bilioni 700, lilianza kujengwa katika awamu yake na kufunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Juni 2025. Aliyewahi kukesha Kigongo akisubiri kivuko huku amebeba mgonjwa wa kumpeleka Bugando haulizi ugomvi wa Lowassa na Membe una maana gani kwake. Anavuka tu. Na ugomvi huo ungeisha kwa namna nyingine, pengine daraja hilo lingekuwa bado mchoro.

Upande wa pili wa sarafu nao ulifika ziwani. Lowassa alihamia Chadema mwishoni mwa Julai 2015 na kupata kura zaidi ya milioni sita, karibu asilimia 40. Ester Bulaya, aliyekuwa mbunge wa viti maalumu wa CCM, alihama pia na kumwangusha Wasira Bunda Mjini. Masha, yule wa Nyamagana, naye alikwenda Chadema mwaka huo na kutoka mwaka 2017. Nyamagana na Ilemela zilirudi CCM kupitia Stanslaus Mabula na Angelina Mabula, na wengi wakadhani hesabu imefungwa.

Bunda inastahili aya yake. Mwaka 1995 Wasira alishindwa na Jaji Joseph Warioba katika kura za maoni za CCM. Akaenda NCCR-Mageuzi, akamshinda waziri mkuu huyo mstaafu kwenye sanduku la kura, kisha mahakama ikautengua ushindi huo. Baadaye alirejea CCM, mwaka 2005 akarudi bungeni, akawa waziri, na mwaka 2015 akaangushwa na kada aliyetoka CCM kama alivyotoka yeye miaka ishirini kabla. Januari 2025 akachaguliwa Makamu Mwenyekiti wa CCM Bara, nafasi inayomweka katika meza ambayo majina ya wengine hukatwa.

Ni mwanasiasa mmoja tu, lakini ndani ya maisha yake umo utaratibu mzima: anayetoka hutoka kwa sababu mlango wa ndani umefungwa, na hurudi kwa sababu wa nje hauna nyumba.

Baada ya mwaka 2015 uliingia ukimya ambao baadhi ya wachambuzi waliuita umoja. Magufuli alichukua uenyekiti Julai 2016 kwa kura zote 2,398. NEC ikapunguzwa kutoka wajumbe 388 hadi 158. Sophia Simba akafukuzwa uanachama, Dk. Nchimbi akapewa onyo. Membe alifukuzwa Februari 2020. Lowassa alikuwa amekwisharejea tangu Machi 2019.

Umoja huo ulidumu kadiri mwenye nao alivyoishi. Machi 2021 Rais Magufuli alifariki dunia, na kabla ya mwaka kwisha lilikwishazuka jina la "Sukuma Gang", likitumiwa kuwataja waliokuwa karibu naye. Ni jina baya na la uongo. Dk. Bashiru Ally ni mtu wa Kagera, si Msukuma. Humphrey Polepole si Msukuma. Lilichofanya jina hilo ni kugeuza ugomvi wa watu wachache kuhusu vyeo kuwa doa la kabila zima, kabila ambalo wengi wa watu wake wanavuna pamba, wanachunga ng'ombe na wanauza dagaa Kirumba, na hawakuwahi kuingia ukumbi wa Halmashauri Kuu.

Mlolongo uliofuata ulikuwa wa kutabirika. Septemba 2021 Dk. Medard Kalemani wa Chato aliondolewa Wizara ya Nishati. Januari 2022 Spika Job Ndugai alijiuzulu baada ya kauli yake kuhusu mikopo ya Serikali, na Rais hakuficha kwamba aliiona harakati nzima kama homa ya mwaka 2025. Siku chache baadaye akapanga upya baraza lake.

Hapa ndipo mtu wa Mwanza anapopaswa kuuliza kinachomhusu, kwa sababu vyeo hivi si mapambo. Luhaga Mpina alikuwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi kuanzia mwaka 2017 hadi 2020, na Operesheni Sangara ya mwaka 2018 ilifanyika chini yake. Nyavu zilichomwa moto katika fukwe za ziwa hili, wavuvi wakatozwa faini, viwanda vikabanwa. Wako wanaosema aliokoa sangara, wako wanaosema aliwafilisi wavuvi, na pande zote mbili zina watu wenye ushahidi mikononi. Jambo la kukumbuka ni kwamba alipewa wizara hiyo na akanyang'anywa bila mvuvi yeyote kuulizwa. Nani atasimamia ziwa huamuliwa na nani yuko kundi gani.

Juni 2024 Mpina alisimamishwa vikao 15 vya Bunge kutokana na mzozo wake na Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, kuhusu vibali vya sukari. Julai 2025 jina lake likakatwa katika mchujo wa ubunge. Agosti akajiunga na ACT-Wazalendo na kuteuliwa mgombea urais. Tume ikamwondoa, Mahakama Kuu ikamrejesha, Tume ikamwondoa tena Septemba.

Tofauti na Shibuda ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mwaka 2010 mtu aliyekatwa Maswa alikuwa na pa kwenda, na wapiga kura wake walikuwa na pa kumfuata. Mwaka 2025 Chadema haikuwamo kwenye uchaguzi, mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, na mgombea wa ACT-Wazalendo aliondolewa kwenye karatasi. Mlango wa ndani ulifungwa, na wa nje pia ukafungwa. Wakazi wa jiji hili wanaoufahamu Mto Mirongo siku za masika hawahitaji kuelezwa maji yaliyozibiwa njia yanakwenda wapi.

Ndani ya chama kwenyewe, Mkutano Mkuu maalumu wa Januari 2025 ulimteua Rais Samia kuwa mgombea pekee, bila fomu kuchukuliwa na bila mwingine kupewa nafasi. Mgombea mwenza akawa Dk. Nchimbi, yule yule aliyetoka nje usiku wa Julai 2015. Julai 2025 katiba ya chama ikarekebishwa kwa mkutano uliofanyika kwa njia ya mtandao, ili Kamati Kuu iweze kurudisha zaidi ya majina matatu ya wagombea ubunge kwenye kura za maoni. Ni hatua ya mbele, na isidharauliwe. Lakini ilikuja siku chache kabla ya kura zenyewe, na mkono unaokata ulibaki pale pale.

Katika uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 mgombea wa CCM alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98. Siku hiyo na zilizofuata zilikuwa za maandamano, risasi na vifo katika miji kadhaa, Mwanza ikiwamo, na intaneti ikazimwa. Mtu hawezi kulinganisha asilimia 98 na mitaa ya siku zile akabaki anaamini kwamba kura hiyo ilipima kitu.

Watani zetu wa mageuzi hupenda kutolea mfano Uingereza. Mfano huo si wa kupambwa sana. Mwaka 2022 chama cha Conservative kilibadilisha mawaziri wakuu hadi nchi ikacheka: Boris Johnson aliondoka baada ya mawaziri wake kujiuzulu kwa makumi, Liz Truss akamshinda Rishi Sunak kwa kura 81,326 dhidi ya 60,399 za wanachama, na kabla ya miezi miwili kwisha Sunak huyo huyo ndiye aliyekuwa waziri mkuu. Wapiga kura waliwaadhibu mwaka 2024 kwa kuwaachia viti 121. Lakini kila hatua ilikuwa na kanuni iliyoandikwa, idadi ya barua zinazotakiwa ili kumpigia kiongozi kura ya kutokuwa na imani, na takwimu iliyotangazwa mchana kweupe. Sunak alishindwa kwa hesabu, akakaa kiti cha nyuma, akarudi. Hakuhitaji kuhama chama wala kuimbiwa wimbo.

Mwaka 2027 CCM inatarajiwa kufanya uchaguzi wake wa ndani kuanzia mashina hadi taifa, kwa mzunguko ule ule wa 2012, 2017 na 2022. Kwa kuwa Katiba ya nchi haimruhusu Rais Samia kugombea tena mwaka 2030, wajumbe watakaopatikana mwaka 2027 ndio watakaoketi Dodoma kupitisha jina la mrithi wake.

Mkoani Mwanza nafasi ya mwenyekiti wa mkoa imekwishabadili mikono mara mbili katika chaguzi tatu zilizopita: Diallo aliinyakua mwaka 2012, akaitetea 2017 na kuipoteza 2022. Atakayeipata 2027 atakuwa mtu wa kupigiwa simu na kila anayeitaka Ikulu. Wajumbe wa matawi ya Igoma, Buhongwa na Kirumba watafuatwa pia, kwa lugha tamu na kwa bahasha, kama walivyofuatwa siku zote. Bado hawajaambiwa kama kura watakazopiga ndizo zitakazohesabiwa, na wa kuwaambia wanaketi Dodoma.